Wakwe zangu wanasubiri nitaje bei ya gari lisilotembea

Admin, jina langu lifiche, ingawa sijui kama itasaidia. Gari kama hili Goma nzima ni moja tu, na anayelijua atanijua. Basi, liwalo na liwe.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, fundi magari. Naishi mtaa wa Katoyi na mke wangu na watoto wetu katika nyumba ya mbao ya kupanga. Kwetu ni Masisi, wakwe zangu ni watu wa Butembo. Baba mkwe alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe, mtu wa misa, mpole, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: gari la spoti la zamani, jekundu, milango miwili, alilolinunua likiwa limekufa kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anahama. Alitaka kulifufua. Nilipomwoa binti yake, nililioa na gari. Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa chini yake na spana, bure, kwa maana mkwe hamdai mkwe.

Sasa niwaambie ukweli ambao fundi tu anaujua. Injini yake halisi ilipasuka, tukafunga ya taksi. Gia hazipo kabisa. Sakafu imeliwa na kutu. Ukiinua zulia la ndani unaona mawe ya volkano chini. Ile rangi nzuri imelala juu ya mastiki, ule udongo wa kuzibia matundu. Wageni wakifika, muzee alikuwa analiwasha, linanguruma mtaa mzima unasikia, halafu analizima na kulifunika turubai. "Imebaki kidogo tu," anasema. Watoto wake wamekua na maneno hayo. Kifungua mimba wao, tumwite Mumbere, aliacha chuo kikuu kwa sababu pesa za masomo ziliingia kwenye gari. Hakulalamika hata siku moja. Alijua gari likiisha kutengenezwa, ataendelea.

Muzee alifariki mwaka huu. Kitandani hospitali, mbele ya ukoo wote, alisema: "Gari isiende kwa mutu wa inje. Mukwe wangu ndiye anaijua, yeye ndiye auziwe, atoe beyi ile roho yake inamwambia." Maneno ya mtu anayekufa hayapingwi. Wao hawawezi kumuuzia mwingine, mimi siwezi kukataa. Na bei hakutaja!

Ingekuwa mtu baki ningebishana naye mpaka jioni, hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini muuzaji ni mama mkwe, na mama mkwe hatubishani naye bei. Mimi hata kula mbele yake sili. Kwa hiyo anatumwa Mumbere.

"Shemeki, mama hana beyi," aliniambia. "Anasema utoe vile roho inakutuma. Lakini ujue, kuna mutu wa Kampala aliambiaka Papa, ile gari ikiisha inafika dola elfu makumi mbili."

Ikiisha! Nilitaka kucheka, nikakohoa.

Kama vyuma chakavu, gari hilo ni dola mia saba, na hapo nimelihurumia. Mimi na mke wangu tumeweka elfu sita, jasho la miaka, za kununua kiwanja ili tuache kufukuzwa na wenye nyumba. Nikitaja mia saba, ukoo utasema huyu mtu wa Masisi ni yule yule, binti alimchukua bila kumaliza mbuzi wa mahari, sasa anamnyang'anya mjane. Nikieleza kwa nini ni mia saba, nimemvua nguo muzee kaburini. Nikitoa elfu sita, wanangu watalala kwenye nyumba za watu mpaka wazeeke.

Nilisema labda mama mkwe mwenyewe ataniokoa. Wiki iliyopita alikuja garaji, jambo ambalo hajawahi kufanya. Alinigeuzia mgongo, akaelekea ukuta, kama adabu inavyotaka.

"Niko naongea na ukuta," alisema. "Wewe usikilize tu. Ile gari haiko kitu. Nilijua siku mingi. Nilikuwa naona vile ulikuwa unamuhurumia muzee. Lakini Mumbere asijue. Akijua masomo yake iliishia mu chuma ya bure, atamuchukia papa yake, na mimi nitabaki na nani? Tafazali, mukwe, taja beyi ya heshima."

Akaenda. Mlango niliokuwa nautegemea ameufunga yeye mwenyewe, na amefanya hivyo kwa machozi. Nilikaa juu ya tairi, nikalia kama mtoto.

Mke wangu sijamwambia. Yeye anaamini baba yake alimaliza kila kitu isipokuwa viti. Jana ameziweka zile pesa za kiwanja kwenye mkoba wangu bila mimi kumwomba. "Papa alikuheshimia kuliko batoto yake," alisema. "Usituletee haya mbele ya ukoo."

Kikao cha kuondoa matanga ni Jumapili. Leo asubuhi nimepita kwa wakwe, nikamkuta Mumbere amefunua turubai anaosha gari kwa sabuni, polepole, hata matundu ya taa. Aliponiona akatabasamu.

"Shemeki, ukishaifunga viti, utaniachia niendeshe mara moja tu, mpaka Sake?"

Nilimjibu ndiyo. Ilitoka yenyewe.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, wenye akili na wenye matusi, wote nawasikiliza. Jumapili nitasimamishwa mbele ya ukoo, na wote watanyamaza wanisikilize. Nipeni bei. Ingekuwa ninyi, mngetaja ngapi?