Uzi wa La Garza Coja

Kazi niliyopewa ilionekana nyepesi. Kila dijei wa zamani wa Cali aliye hai aandikiwe kurasa mbili, na kitabu kichapwe baada ya mkutano wa wapenda santuri unaofanyika hapa kila Desemba. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi mitano tu nyuma, nikaona bahati imeniangukia. Madijei kumi na mmoja walinichukua wiki tatu. Wa kumi na mbili, Don Eliécer Lucumí wa klabu ya La Garza Coja, alinichukua mwezi mzima peke yake, na chanzo kilikuwa namba moja.

Katika kila maisha niliyoandika kulikuwa na sentensi kuhusu kasi. Santuri kubwa hutengenezwa zizunguke mara thelathini na tatu kwa dakika, ndogo mara arobaini na tano. Babu zetu waliona muziki uliotoka New York unajikokota kama maandamano ya Ijumaa Kuu, basi madijei wakawa wanazipiga santuri kubwa kwa kasi ya ndogo. Ndivyo miguu ya mji huu ilivyojifunza kukimbia. Wazee kumi na mmoja waliniambia: arobaini na tano. Don Eliécer akaniambia hapana.

"Thelathini na tatu, basi?"

"Hapana pia."

"Gramafoni ina namba nyingine, Don Eliécer?"

"Yangu ilikuwa nayo," alisema, akanijazia tena glasi ya lulada, maji ya matunda ya hapa, kana kwamba tumemaliza.

Nilipeleka jibu hilo kwa mwenyekiti wa kamati ya kitabu, Don Wilfrido Carabalí. Yeye mwenyewe alikuwa dijei zamani, katika klabu ya El Trapiche, mitaa mitatu kutoka La Garza Coja. Ana santuri elfu sita zilizopangwa kwa herufi, na huzivalia glavu.

"Eliécer anatuchezea," alisema. "Miaka arobaini na saba anasema hivyohivyo. Gramafoni ina namba mbili, binti. Ya katikati haipo. Alete ushahidi mkutanoni, au uandike arobaini na tano kama wenzake."

"Na akikataa?"

"Basi hayumo kitabuni. Siwezi kuchapisha hadithi ya mlevi."

Don Eliécer hanywi. Nilipompelekea maneno hayo alikuwa anafungua cherehani ya jirani juu ya meza ya jikoni. Hakukasirika. Aliweka bisibisi chini polepole, akaitazama mikono yake.

"Nilimwambia mama yangu nitakuwa mtu wa kuandikwa," alisema. "Akacheka mpaka akakohoa."

Alizaliwa Puerto Tejada, mtoto wa mkata miwa. Alipofika miaka kumi na sita alikuja Cali kujifunza ufundi wa cherehani katika mtaa wa Obrero. Mwaka 1969 mwenye klabu moja mpya alimwita aje kutengeneza gramafoni iliyokuwa inakwama. Don Eliécer hakuwahi kuigusa gramafoni maishani, ila aliona ndani yake mota, gurudumu na kijiti, akasema hii ni cherehani isiyo na sindano. Aliitengeneza kabla ya saa kumi alasiri. Mwenye klabu akamwomba abaki siku hiyo ili ikikwama tena awepo. Alibaki miaka ishirini.

Klabu ilikuwa na jina jingine kwenye hati. Juu ya mlango palikuwa na taa ya rangi yenye umbo la korongo, na wiki ya kwanza mguu mmoja wa korongo ukazimika. Watu wakaiita La Garza Coja, yaani korongo kilema, na mwenyewe akachoka kuwabishia. Ndani mlikuwa na sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, feni mbili, na pembeni kibanda cha mbao chenye kifuniko. Hicho kifuniko ndicho kilichowasumbua watu. Madijei wote wa siku zile walikuwa na siri, na karatasi za katikati ya santuri walizikwangua kwa wembe ili mpinzani asisome jina la wimbo. Lakini hakuna aliyeificha gramafoni yenyewe. Don Eliécer aliificha.

"Niliingia mle mara tatu nikijifanya mteja," Don Wilfrido aliniambia siku moja, kwa shingo upande. "Nimevaa saa. Kuna wimbo mmoja uliokuwa unawavuta watu wote kwake, nataka nione santuri yake ikizunguka, nihesabu. Kila nikisogea, jamaa anafunga kifuniko."

"Na wimbo wenyewe ulikuwa ukisikika vipi?"

"Ulisikika vizuri," alisema. "Hapo ndipo penye kero."

Wimbo aliousema hauna jina mtaani. Watu wanauita "ule wa Amparo". Don Wilfrido aliutafuta miaka ishirini mpaka akaupata, na sasa ana nakala tatu. Aliniwekea niusikie kwa kasi zote mbili. Kwa thelathini na tatu ni mtu mzito anayemsubiri mwanamke kituoni. Kwa arobaini na tano ni kindi anayemsubiri mwanamke kituoni.

Nilimtafuta Amparo. Doña Amparo Balanta ana miaka sabini, ni mjane, anauza champús, kinywaji baridi cha mahindi na matunda, dirishani kwake, na vifundo vyake vya miguu bado ni vyembamba kama vya msichana. Nilimuuliza alihusikaje na kasi ya Don Eliécer.

"Nilimtukana," alisema. "Mwaka sabini na moja. Nilikwenda kwenye kile kibanda chake nikamwambia, kijana, kwa arobaini na tano najikwaa, kwa thelathini na tatu nalala. Wewe ni dijei au ni mlinzi wa makaburi?"

"Akasema nini?"

"Aliniangalia miguu. Nikafikiri, ah, huyu naye! Kumbe alikuwa anapima."

Wiki iliyofuata, alisema, wimbo ulikuja umekaa sawa kama kiatu kilichoshonwa kwa mguu wake. Watu walipanda viti kumtazama. Baada ya mwezi watu walikuwa wanatoka Buenaventura kuja kuona.

"Mliwahi kucheza pamoja?"

"Dijei akicheza, nani ageuze santuri? Nilicheza na Hernando wangu, Mungu amrehemu. Huyo mwingine alikaa kwenye boksi lake kama kuku anayetaga."

Nilirudi kwa Don Eliécer na maneno hayo. Alicheka peke yake, kisha akainuka, akashusha kutoka juu ya kabati bati la biskuti. Ndani mlikuwa na mabobini ya cherehani, daftari lililofungwa kwa mpira, na kitu kilichoviringishwa kwa kitambaa cha flana. Ilikuwa mota ya gramafoni. Kwenye kijiti chake cha chuma palikuwa na uzi wa hariri mwekundu, umezungushwa kwa mpangilio mzuri na kupakwa gundi.

Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Kijiti hicho ndicho kinachosukuma gurudumu la mpira, na gurudumu linazungusha sahani ya gramafoni. Kijiti kikinenepa kidogo, santuri inakwenda haraka kidogo. Don Eliécer alikuwa akikinenepesha kwa uzi, tabaka juu ya tabaka.

"Kila Alhamisi nilifunga upya," alisema. "Huu ni wa siku ya mwisho, mwaka themanini na tisa. Sijaugusa. Matabaka manne."

Nilifungua daftari. Kila wimbo ulikuwa na tarehe na idadi ya matabaka. Kwenye ukurasa wa ule wa Amparo, mwaka 1971 palikuwa na sita. Mwaka 1977, matano. Mwaka 1989, manne.

"Mbona yanapungua?"

"Nyuzi," alisema bila kufikiri. "Za zamani zilikuwa nyembamba. Baadaye kiwanda kikaanza kutengeneza nene."

Niliandika: nyuzi zilinenepa. Nilifurahi sana. Ushahidi ulikuwepo, umekaa miaka ishirini na tisa katika bati la biskuti, na kazi iliyobaki ilikuwa kuupeleka mkutanoni.

Don Eliécer alitaka Doña Amparo ausikie kwanza. Siku mbili kabla ya mkutano, baada ya chakula cha mchana, alifunga ile mota kwenye gramafoni kuukuu ya aina ileile aliyoazima kwa mpwa wake. Doña Amparo alikuja na jagi la champús, akavua ndala, akasimama katikati ya sebule. Sindano ikashuka.

Alisikiliza nusu dakika. Mguu wa kulia ulijaribu, ukasita. Akajaribu tena.

"Hii siyo," alisema.

"Ndiyo yenyewe," Don Eliécer alisema.

"Jirani, hii siyo. Hii inakimbia. Umeweka arobaini na tano ukidhani nimezeeka masikio?"

"Amparo, ni uzi uleule! Niliufunga kwa mkono wangu!"

"Basi mkono wako una matatizo. Miguu yangu ndiyo iliyocheza, siyo mkono wako."

Alivaa ndala akaondoka, jagi akaliacha. Don Eliécer alikaa kwenye kiti mpaka champús ikapata joto. Nilimwambia haidhuru, Don Wilfrido atapima kwa kifaa, si kwa miguu ya mtu. Alitikisa kichwa.

"Ushahidi wangu nilikuwa nao tangu zamani," alisema. "Unadhani kwa nini sikumwonyesha Wilfrido? Nilijua yuko mtu mmoja anayejua ukweli. Na sasa mtu huyo anasema siyo."

Jumamosi ya mkutano jua lilikuwa kali. Bustani tuliyokutania ilijaa meza, masanduku ya santuri, wauza matunda ya chontaduro na wazee wenye mashati ya maua. Don Eliécer alipewa dakika kumi na tano jukwaani saa tisa alasiri. Watu wengi wa La Garza Coja walikuja, wenye fimbo na wasio nazo. Doña Amparo alisimama mbele kabisa, anajipepea, uso ameukunja.

Don Wilfrido alipanda na simu yake yenye programu ya kuhesabu mizunguko. Aliilaza juu ya santuri inayozunguka, akasoma.

"Arobaini," alisema kwenye kipaza sauti. Akasoma tena. "Arobaini kamili."

Bustani nzima ilipiga kelele. Don Wilfrido aliinama akaitazama mota, akauona uzi mwekundu, na nikaona sura yake ikibadilika. Alikuwa ametaka kupaona hapo tangu akiwa kijana.

"Uzi," alisema taratibu. "Mshenzi wewe, Eliécer. Uzi!" Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mwenyekiti. "Mota hii iende kwenye kabati la kioo la kamati. Iangaliwe, ithibitishwe, na jina liingie."

Wimbo ukapigwa. Watu wa La Garza Coja walisimama wakisikiliza kwa heshima, kama kanisani. Hakuna aliyecheza. Mzee mmoja alijaribu hatua nne, akashika kiuno, akacheka kwa aibu. Doña Amparo hakusogea.

Don Eliécer aliwatazama. Aliwatazama miguu, mmoja baada ya mwingine, na nadhani hivyo ndivyo alivyomtazama msichana aliyemtukana mwaka sabini na moja. Kisha akainua sindano, akazima mota, akatoa mfukoni mkasi mdogo wa kushonea.

"Unafanya nini?" Don Wilfrido aliuliza.

"Nahesabu dakika zangu. Zimebaki nane."

"Eliécer, huo ndio ushahidi! Ukikata, nani atajua hukuufunga jana?"

"Hakuna," alisema, akakata.

Alivua tabaka la juu, gundi kavu ikipukutika kama ganda la kitunguu. Akashusha sindano. Doña Amparo aliacha kujipepea.

"Bado," alisema.

Akavua tabaka jingine. Sindano ikashuka mara ya tatu, na yule mtu wa kituoni akaanza kumsubiri mwanamke wake, si mzito wala kindi. Kisigino cha Doña Amparo kiligonga chini mara moja, mara mbili, kisha miguu yote miwili ikaondoka.

"Hiyo!" alipaza sauti. "Hiyo ndiyo! Kwa nini ulikuwa unaificha?"

Wakaingia wote. Wenye fimbo waliziegemeza kwenye meza za santuri. Mzee wa kiuno alimshika Doña Amparo mkono, na watu wakawa wanaitana, "Ni yenyewe! Ni ileile kabisa!" Don Wilfrido aliilaza simu tena.

"Thelathini na sita na nusu," alisema, si kwenye kipaza sauti. "Eliécer, sasa una namba mbili na uzi uliokatwa. Mimi nichapishe nini?"

Hapo ndipo nilipolielewa daftari. Nilipanda nalo jukwaani nikamfungulia Don Wilfrido ukurasa. Alivaa miwani, akafuata kwa kidole. Sita, sabini na moja. Matano, sabini na saba. Manne, themanini na tisa. Aliangalia wachezaji, akarudi kwenye tarehe, akaangalia tena. Chini ya meza kiatu chake cheupe kilikuwa kinakwenda, naye hajui.

"Alikuwa anawafuata wanavyozeeka," alisema.

"Alisema ni nyuzi zilizonenepa," nikamwambia.

"Nyuzi!" Don Wilfrido alivua miwani. "Uzi wa hariri haujabadilika tangu babu yangu. Muulize mshonaji yeyote."

Don Eliécer alikuwa ametusikia. Alichukua daftari, akausoma ukurasa wake mwenyewe kama barua iliyochelewa kufika. Sijui alikuwa amejua kiasi gani. Nilimuuliza baadaye, mara mbili, na mara zote mbili aliniuliza kama nimekula.

Lakini pale jukwaani bado nilikuwa na sentensi ya kuandika, na Don Wilfrido alikuwa ameshatoa kalamu kutia sahihi kurasa zangu.

"Kwa hiyo niandike ngapi, Don Eliécer?"

Aliwatazama waliokuwa wanacheza.

"Matabaka mawili, mwanangu," alisema. "Na usisahau tarehe."