Kikapu cha Mvua kwenye Mnada wa Mavuno

Kuna watu pale usharikani kwetu ambao mpaka leo wakikutana na mimi wanatazama kwanza mawingu halafu ndiyo wananisalimia, na mimi siwalaumu, kwa sababu aibu yenyewe niliigombea mwenyewe mnadani, nikiipandisha bei mbele ya umati huku mke wangu akinivuta shati. Acheni niwasimulie mimi kabla hamjasikia kwa Mzee Anaeli, maana yeye kila akisimulia anaongeza chumvi.

Naishi juu kidogo ya Olmotonyi, kwenye shamba la kahawa na migomba ambalo marehemu baba aliniachia akiamini kwamba mtu aliyemaliza chuo kikuu hatashindwa kupalilia (alikosea). Msimu ule binti wa jirani yetu, Eliamani, niliyemfundisha sekondari na ambaye sasa ni daktari wa mambo ya maji, si wa watu, aliniomba aweke kipima mvua uani kwangu. Kazi yake, kwa jinsi nilivyoielewa, ni hivi: maji ya mvua hayafanani, yapo mazito kidogo na mepesi kidogo, kutegemea yametoka wapi na wingu lake limeshamwaga mara ngapi njiani kabla ya kupanda Mlima Meru, na ukiyalinganisha na maji ya chemchemi unaweza kujua chemchemi inalishwa na mvua ipi, ile ya kwanza inayokuja kwa hasira au zile za polepole zinazofuata. Na hilo si la vitabuni tu, maana chemchemi zetu zinapungua, masika yanachelewa, na huko chini Nduruma watu wanagombania zamu ya maji ya mfereji mpaka majirani hawasalimiani.

Basi kila iliponyesha nilijaza kachupa, nikakaandika namba, nikakazungushia utepe kwenye kifuniko. “Mwalimu, yasipate hewa hata kidogo,” Eliamani alinisisitizia. “Yakianza kukauka yanabadilika, na yakibadilika yananidanganya.” Nikaapa. Nilijiona mwanasayansi kabisa, nikawa hata mezani nyumbani siongei na watu, nasikiliza bati.

Ikafika Jumapili ya Sikukuu ya Mavuno, na asubuhi hiyo Eliamani akapiga simu kwamba safari yake ya kupeleka chupa maabara Dar imesogezwa, anaondoka leo leo, atapita kanisani tukitoka ibadani azichukue. Mimi hapo nusu nimevaa suruali. Boksi alilonipa lilikuwa limekatika mpini, nikaona nisihangaike, nikachukua kikapu cha mke wangu, nikapanga chupa zangu humo, nikazifunika kwa kitambaa cheupe zisipigwe vumbi. Gari langu nalo mlango wa nyuma haufungi, kwa hiyo tulipofika nikaingia na kikapu kanisani, nikakiweka nyuma kabisa ukutani, pembeni ya mikungu ya ndizi. Hebu fikirieni jamani: kikapu, kitambaa cheupe, siku ya mavuno, pembeni ya ndizi. Na mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa!

Nikakaa katikati ya benchi, nimebanwa na akina mama wawili wa kwaya ya zamani, natazama saa, natazama mlango, naitazama simu chini ya kitabu cha nyimbo. Mahubiri yakaenda, yakarudi, yakaenda tena. Ndipo ikaanza foleni ya matoleo, watu wanapita na mahindi, kuku, maparachichi, na katikati yao nikakiona kikapu changu juu ya kichwa cha mama mmoja mzee wa baraza, kinaelekea madhabahuni kwa mwendo wa kucheza.

“Kile ni changu,” nikamnong'oneza mke wangu.

“Najua, kikapu changu nakijua,” akasema, ametabasamu kweli. “Baba Upendo, leo umenifurahisha. Hata hukuniambia.”

Nikainuka nusu, nikakaa, nikainuka tena, yule mama wa kushoto akaniuliza kama nataka kwenda msalani. Mchungaji akanyoosha mikono, akayaombea yote baraka, chupa zangu zikiwemo, na hapo nikajua nimekwisha, maana kitu kikishaombewa pale mbele huwezi kwenda kukichukua eti kilipotea njia. Njia iliyobaki ni moja: ukinunue kama wengine, matoleo yakinadiwa nje baada ya ibada.

Mnadani, uwanjani, mwenye kunadi ni Mzee Anaeli, na huyo akipewa yai moja atakuuzia kama ng'ombe. Alipofika kwenye kikapu changu akafunua kitambaa, akainua kachupa juu.

“Wapendwa, sijui hiki ni nini, lakini mtu aliyehangaika kukiziba hivi si mjinga. Hii lazima inatibu kitu!”

Kabla sijafungua mdomo, ameshachana utepe na kuonja. “Maji! Matamu! Ya mlimani haya!”

Nikataja bei kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. Watu wakageuka. Mtu mwenye akili angetulia, lakini mimi nilikuwa naruka kama niliyekanyaga siafu, na umati ukiona mtu anakitaka kitu hivyo, nao unakitaka. Nikapandishwa. Nikapanda. “Yanatibu mgongo!” mmoja akapiga kelele. “Yanatibu ubahili,” akajibu mwingine, “mwoneni Baba Upendo leo!” Mke wangu akanivuta shati: “Unanunua maji, na nyumbani bomba linatoka?” Nikasema anyamaze, nikapanda tena, nikashinda, nikashusha pumzi.

Ndipo mke wangu, akitaka kuniokoa nisionekane nimerukwa na akili, akafanya lile ambalo kila muungwana hufanya mnadani kwetu akishanunua. Akapaza sauti: “Anamzawadia Mchungaji!”

Vigelegele. Mchungaji, koo limemkauka kwa yale mahubiri, akaja akichekelea, akachukua chupa, akachana utepe, akaipeleka mdomoni.

“USINYWE!”

Ni mimi niliyepiga kelele hiyo, ndiyo. Kuku walinyamaza. Mzee Anaeli akaketi chini taratibu, mkono tumboni. “Mimi nimeshaonja,” akasema kwa sauti ndogo ambayo hatujawahi kuisikia kwake. “Jamani, mimi nimeshaonja.” Mama mmoja akamkimbilia na kibuyu cha maziwa yaliyokuwa bado hayajanadiwa, mwingine akaanza kulia, mtu akataja polisi.

“Si sumu! Ni mvua tu!”

“Mvua gani?”

“Ya... ya masika.”

“Kama ni mvua,” akasema Mzee Anaeli, maziwa yakimtiririka kidevuni, “kunywa wewe. Yote. Tuone.”

Nikaitazama ile chupa mkononi mwa Mchungaji. Ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa, kifuniko kingerudishwa haraka labda ingesalimika, na niliijua namba yake: ni ile mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu, ambayo Eliamani aliiulizia kwa simu mara nyingi kuliko nyingine zote. Lakini uwanja mzima ulikuwa unanitazama, na yule mama alikuwa bado analia. Nikaipokea. Nikainywa mpaka tone la mwisho, nikaigeuza juu chini waone.

“Shikamoo, Mwalimu,” sauti ikasema nyuma yangu. “Unafanya nini?”

Alikuwa Eliamani. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaniuma. Alichukua chupa zilizobaki, akasoma namba ya ile tupu, akaiweka mfukoni. Miezi baadaye alinionyesha mchoro wake, vitone vya mvua vimepangana msimu mzima, na mwanzoni kabisa pana uwazi. “Hapa siwezi kusema kitu,” aliniambia. “Kama mvua ya kwanza ndiyo iliyofika chemchemini, hatutajua.”

Nimeapa kwamba mtu akiniaminia maji, yatatoka mikononi mwangu kwenda mikononi mwake, hata ikibidi nikose ibada. Kipima mvua bado kipo uani; Eliamani amekiacha, sijui kwa imani au kwa huruma. Masika ya mwaka huu yamechelewa tena. Kila wingu likikaa kileleni natoka nje na kachupa, nazunguka kahawa, narudi, natoka tena, na majirani wanapiga kelele toka ng'ambo ya ua, “Baba Upendo, hii tuachie na sisi!” Nacheka nao. Lakini ile ya mwaka ule haitanyesha tena, na ladha yake, mkitaka kujua, ilikuwa ya maji tu.