Jani Lisilo na Rungu

Kazini walimwita Mama Gundi, na hakuchukia. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akibandika mimea mikavu kwenye karatasi ngumu, katika ghala la mimea lililo chini ya jengo la sayansi: chumba kirefu chenye makabati ya chuma, harufu ya dawa ya nondo, na dirisha moja linalotazama maegesho. Aliingia humo kama mfagiaji. Siku moja mbandikaji akaumwa mgongo, yeye akaambiwa ashike brashi kwa wiki mbili, na hizo wiki mbili hazijaisha mpaka leo. Shule aliishia kidato cha nne. Lakini mmea ukishapita mikononi mwako, ukaulaza, ukaushonea shina kwa uzi, ukaokota kila kipande cha jani kilichodondoka ukakitia kwenye bahasha, kuusahau ni kazi. Profesa, mkuu wa ghala, aliwatania wanafunzi wake: "Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Mama Gundi mtazisuka mpaka jioni."

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, binti yake alimpigia simu. Hakusalimia.

"Mama, mama mkwe amelazwa tangu jana. Wifi anasema nimempa sumu."

Binti huyo alikuwa ameolewa mwaka wa tatu. Aliishi nyumba moja na mumewe, mama wa mumewe, ambaye alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu, na dada wa mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua vyanzo vya maji huko milimani. Binti ndiye aliyepika. Yeye na wifi yake hawakupikika chungu kimoja, na kila aliyewahi kukaa nao mezani alilijua hilo.

Jumatatu mchana mama mkwe alianza kutapika. Jasho likamtoka kama aliyenyeshewa, mate yakamchuruzika, mboni za macho zikasinyaa zikawa kama tundu la sindano, na moyo ukapiga polepole. Daktari akauliza swali moja: nyumbani kuna dawa ya kuulia wadudu? Ilikuwepo, chupa nzima chini ya sinki, na aliyeinunua ni binti, kwa ajili ya mende. Swali la daktari likageuka hukumu mdomoni mwa wifi.

Mama Gundi aliomba ruhusa akaenda hospitali. Alimkuta mkwe wake, mume wa binti, kasimama kwenye korido baina ya mkewe na dada yake kama nguo kwenye kamba, kila upepo unamvuta upande wake. Pembeni alikaa mpelelezi wa polisi mwenye daftari. Binti alikuwa ameegemea ukuta, macho makavu, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Mtoto huyu tangu utotoni hulia haraka na kunyamaza haraka. Asipolia, ujue maji yamemfika shingoni.

"Nimemletea supu asubuhi," alinong'ona. "Basi. Kijiko changu mwenyewe nilionja mbele yake."

"Nyamaza kwanza. Usimwambie mtu neno bila mumeo kuwepo."

Wodini hali haikuwa mbaya. Sindano za usiku zilikuwa zimemsaidia mgonjwa, akawa amekaa, anauliza kama paka amelishwa. Paka huyo alikufa miaka minne iliyopita. Wifi alimwamkia Mama Gundi kwa midomo tu, kisha akafungua chupa ya chai, akamiminia mama yake kikombe cha kitu cha rangi ya kijani iliyokolea, akamnywesha taratibu, akimfuta kidevu kwa ncha ya kanga. Mtu angemtazama asingeona ila mapenzi.

Haikupita saa moja, jasho likarudi. Kisha kutapika. Manesi wakaja mbio, pazia likavutwa.

"Supu ya mwanao hiyo," wifi alisema, sauti yake chini, haipandi. "Jana alikosea kipimo, leo amekuja kumalizia."

Mpelelezi alifunga daftari, akamwambia binti afike kituoni saa kumi kamili kuandika maelezo. Mumewe alifungua mdomo, akaufunga.

Mama Gundi alibaki amesimama kando ya kabati dogo la mgonjwa, hana pa kuweka mikono yake. Ndipo akaona kisahani. Juu yake kulikuwa na chujio, na ndani ya chujio kijiti kilichochemshwa, urefu wa kidole. Kiligawanyika mara mbili, na kila tawi likagawanyika tena mara mbili, kimevaa majani madogo yaliyochongoka, yamesimama pande zote kama manyoya ya brashi ya chupa.

"Hiki nini?" aliuliza.

"Majani ya mama, ya kumbukumbu. Nimeyachuma mwenyewe kazini, milimani. Ni makangaga tu. Usiguse vitu vyake."

Hayakuwa makangaga, ambayo jani lake lina mishipa yenye matawi. Mama Gundi alijua hivyo kabla hajainama. Lakini alijua pia kwamba mimea ya namna ile iko mingi, mipole na mikali, na kwamba mama wa mtuhumiwa akisema "ni chai yenu", hakuna atakayemsikiliza. Wifi alipogeuka kumwita nesi, kijiti kiliingia kwenye leso ya Mama Gundi. Ilikuwa saa saba na robo.

Ghalani hapakuwa na mtu. Alikiweka kijiti kwenye kisahani cha maji, akawasha taa ya meza, akavuta kioo cha kukuzia. Akampigia Profesa, aliyekuwa safarini. Simu ikaita ikakatika. Fimbo ya mbali haiui nyoka, alijisemea, akapiga tena. Mara ya nne akapokea, upepo ukivuma nyuma yake.

Alimweleza kwa maneno machache. Profesa hakuuliza habari za binti.

"Niambie unachokiona, si unachokitaka. Jani lina mishipa mingapi?"

"Mmoja. Umepita katikati, hauna matawi."

"Basi kangaga siyo. Kiulimi chini ya jani?"

Hapo ndipo penye kazi. Ndugu wote wa kijiti kile hawana maua wala mbegu. Huzaana kwa vumbi la spora, laini kuliko unga. Lakini wamegawanyika koo tatu. Mmoja huishi majini au matopeni na hufanana na kishungi cha nyasi. Wa pili ana kiulimi kidogo mno kwenye kitako cha kila jani, na spora zake ni za aina mbili, kubwa na ndogo. Wa tatu hana kiulimi, na spora zake zote ni sawa. Mama Gundi alibandua jani kwa koleo, akaligeuza, akabandua la pili na la tatu. Alichukua muda mrefu hadi Profesa akaita, "Upo?"

"Nipo. Kiulimi hakuna."

"Ukoo wa tatu. Sasa angalia nchani. Kuna rungu?"

Wengi wa ukoo huo hubeba spora zao kwenye kishada kilichosimama nchani mwa tawi kama rungu dogo, ndiyo maana ghalani waliwaita virungu. Kijiti kile nchani kilikuwa kama katikati: majani tu. Huenda kilikatwa, huenda kilikuwa kichanga. Alishuka na shina taratibu, jani baada ya jani. Kisha akaviona vifuko vya spora, vimejibana kwapani mwa majani ya kawaida, vya manjano, umbo la figo.

"Rungu hakuna," alisema. "Vifuko viko makwapani, shina zima."

"Ndiye huyo," Profesa alisema. "Zamani waliwaweka wote chini ya jina moja, wenye rungu na wasio nalo, na watu bado wanawachanganya. Huyu wanamsifia kumbukumbu, na si uongo mtupu. Lakini ukizidisha kipimo, mwili hufanya vile vile kama umemezeshwa dawa ya wadudu. Kutapika, mate, moyo kulala. Mpe daktari namba yangu. Nitakaa hapa hapa penye mtandao."

Mama Gundi alitoa kwenye kabati karatasi mbili, mwenye rungu na asiye nalo, akazifunga ndani ya jalada, akatoka. Foleni ya magari ilimla nusu saa, na mwendo uliobaki akautembea kwa miguu, jalada kifuani kama mtoto mchanga. Alifika saa tisa na dakika arobaini. Saa kumi wageni huruhusiwa tena wodini, na chupa ya chai ilikuwa haijaondoka.

Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyekuwa akila ndizi amesimama.

"Wewe ni nani wa mgonjwa?"

Angeweza kusema ni mtu wa ghala la mimea, akaishia hapo.

"Mkwe. Mama wa huyo binti anayeshukiwa."

Daktari aliacha kutafuna. "Unaelewa kwamba siwezi kuchukua neno lako."

"Usilichukue. Chukua jani." Alifungua jalada juu ya meza ya manesi, akaweka kijiti chenye maji katikati ya karatasi mbili, akatoa kioo. "Huyu ana rungu. Huyu hana. Hiki kimetoka kwenye chujio la mgonjwa wako. Niambie wewe kinafanana na nani. Na simu ya Profesa hii hapa, anakusubiri."

Daktari aliinama kwenye kioo. Akatazama karatasi, akarudi kwenye kioo. Halafu akapiga simu, akaenda nayo dirishani. Alikuwa akisema "ndiyo, mboni, ndiyo, mapigo arobaini na mbili" wakati kengele ya wageni ilipolia.

Mama Gundi hakungoja. Aliingia wodini akamkuta wifi ameshika kikombe, na midomo ya mgonjwa imeshasogea. Aliweka kiganja chake juu ya kikombe. Chai ilikuwa ya moto, hakukiondoa.

"Mnataka afe na kiu pia?" wifi aliuliza.

"Nisubirie dakika moja, mwanangu. Dakika moja tu, kisha unaweza kunitukana."

Walikaa hivyo, mikono yao miwili kwenye kikombe kimoja, mpaka daktari akaja.

"Nani anayeleta chai hii?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Mara mbili kwa siku. Jana nilizidisha majani kidogo kwa sababu alikuwa hataki kunywa mara mbili..." Mama Gundi alimwona akihesabu moyoni: Jumapili, Jumatatu, leo mchana. Kikombe kikawa kizito, Mama Gundi akakipokea akakiweka mbali. Alikuwa ameyaandaa maneno ya kumwambia, makali, tangu kwenye foleni ya magari. Aliyatafuta hakuyaona. Wifi alikaa kwenye ncha ya kitanda, akashika mguu wa mama yake kupitia blanketi.

Daktari mwenyewe alimpigia mpelelezi. Binti alikuwa ameshakaa kwenye benchi la kituo robo saa nzima, jina lake limeandikwa juu ya ukurasa na chini yake hapana kitu. Aliporuhusiwa kutoka ndipo alipolia, na alilia mpaka mumewe akaishiwa na leso.

Bila chai ile mgonjwa alipona kwa siku tatu. Wifi alimwomba radhi binti mbele ya watu, sebuleni, amesimama, na binti akasema yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Mwezi uliofuata yeye na mumewe walihamia vyumba viwili karibu na kazini kwa mumewe. Mume huyo, ambaye siku ile ya korido alikosa la kusema, alibeba kila sanduku mwenyewe bila kuombwa.

Mama mkwe hakumbuki lolote. Kila Jumamosi Mama Gundi akienda kumjulia hali, huulizwa lile lile: mkaza mwanangu yuko wapi, mbona haonekani jikoni? Wifi akiwa karibu huinuka akaenda kuosha vyombo, hata kama ni safi. Na Mama Gundi husema, "Yupo, anafanya kazi sana siku hizi," kisha wanazungumza habari za paka.