Kishona Nguo Upindoni

Mwaka ule sikuweza kutulia. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nikaosha sufuria safi, masikio yangu yakiwa barabarani. Mama alikuwa mgonjwa Lipangalala, kwa kaka yake. Baba, aliyemrudisha kwao, alikuwa ametoa amri: "Atakayekanyaga kule asirudi hapa."

Mimi nilikanyaga. Nilitoka na ndoo kama naenda kisimani, nikaificha kichakani, nikakatiza mashamba ya mpunga yaliyoachwa. Masika kishona nguo ni mboga, na maua yake meupe yenye kiini cha manjano yana adabu kabisa. Kiangazi hugeuka mmbeya. Vijimbegu vyake vyeusi viling'ang'ania upindo wa gauni langu, na njia ya kisimani haikuwa na hata mche mmoja. Baba alilijua hilo. Jioni alinitazama miguuni kwanza, ndipo akaitikia shikamoo yangu. Kwa hiyo kila niliporudi nilisimama nyuma ya choo nikizichomoa.

Mama alikuwa mkekani siku zote, na kando yake bakuli la uji, bado wa moto.

"Nani kakuletea, mama?"

"Mungu ana watu wake."

Sikuelewa. Mke wa mjomba nilimjua, mkono wa birika.

Siku moja Mama alinishika mkono, hakutaka kuniachia. Nilichelewa. Nilirudi mbio, ndoo nusu, sikupata nafasi ya kupita nyuma ya choo. Mama wa kambo alikuwa mlangoni. Niseme ukweli, nilimchukia mwanamke yule, hata namna alivyopepeta mchele. Akautazama upindo wangu.

"Njoo hapa."

Nikasogea. Nilijua amepata la kumwambia baba, na Mama sitamwona tena. Akanikalisha kwenye kigoda, akachuchumaa, akaanza kuchomoa mbegu moja moja, vidole vyepesi.

"Baba yako kaenda kuziba pancha. Saa hizi yuko njiani."

Nikainama nimsaidie. Hapo nikauona upindo wa khanga yake. Ulikuwa mweusi tii kwa kishona nguo.

"Usinikodolee macho," akasema. "Nitoe na mimi, upesi."

Kengele ya baiskeli ikalia barabarani. Nikapiga magoti nikachomoa, machozi yakinizuia kuona.

"Uji," akaninong'oneza, "leo kaumaliza?"