Kundi Lisilopewa Neti

Neti mpya iliyotiwa dawa ina harufu kali inayokaa puani, na hadi leo nikiinusa hasira hunipanda kabla hata sijakumbuka kwa nini. Kwetu Kashikishi, hapo Nchelenge kando ya Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, harufu tuliyoizoea ilikuwa ya chisense, dagaa wadogo wanaoanikwa mchangani mpaka wakauke kabisa. Ilikuwa kwenye nguo zetu, kwenye nywele, hata kwenye madaftari ya shule. Kisha kiangazi kimoja mwishoni mwa miaka ya tisini likaja gari jeupe la watafiti, limesheheni neti, na harufu ile ngeni ikaingia kijijini.

Watafiti walihifadhi maboksi yao darasani kwetu. Kiongozi wao, daktari mrefu mwenye sauti ya upole, aliona vibaya kutumia chumba chetu bila kutupa chochote, basi mchana mmoja akatuandikia ubaoni maneno ya kazi yake. Nadharia tete: jambo unalolidhani na uko tayari kulipima. Sampuli: wachache unaowachunguza ili uwaelewe wengi. Kigeu: kile unachokibadilisha kwa makusudi. Kundi la ulinganisho: wale usiowabadilishia kitu, ili tofauti ionekane. Aliyasema kwa Kiingereza, nami nikayapenda kuliko pipi. Nilirudi nyumbani nikimhubiria mama, aliyekuwa ameinama akigeuza samaki, na yeye akaitikia tu, "Njo vile, Ngosa, njo vile," yaani ndivyo hivyo, bila kuniangalia. Nilidhani ni maneno ya kupimia maji na udongo. Hakuna aliyeniambia kwamba sisi wenyewe tulikuwa ndani yake.

Siku ya kugawa, kila mama aliingiza mkono ndani ya kofia na kutoa kizibo cha soda. Chekundu, unapata neti. Cha buluu, hupati, ila mtachomwa vidole na damu yenu itapimwa kama ya wengine. Mama akatoa cha buluu. Jirani yetu, tuliyemwita bana Chola, yaani mama yake Chola kwa Kibemba, akatoa chekundu. Mama alicheka mbele za watu, lakini nilimwona anavyomtazama Mwape mgongoni kwake. Mwape, mdogo wangu, alikuwa bado anajifunza kusema, na homa ilikuwa haimwachi. Ikipungua leo, keshokutwa imerudi, na mama alishachoka kukimbia naye kliniki. Kama kulikuwa na mtu kijijini aliyestahili neti, ni yeye. Kizibo hakikujua hilo, na waliotuletea vizibo hawakuuliza.

Mama alizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, na bana Chola alikuwa Mzambia wa palepale. Waliunganishwa na mchanga. Wanawake wanaoanika samaki sehemu moja huko kwetu ni kama ndugu. Mvua ikitishia na mmoja hayupo, mwenzake huwakusanya samaki wa wote. Chumvi ni ya wote, na mtoto wa mmoja huoshwa na yeyote aliye karibu na maji. Kwa hiyo jioni ileile bana Chola alikuja mlangoni, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Bana Ngosa, lete Mwape alale na bangu. Neti ni mukubwa." Mama hakuona ajabu, wala mimi. Mwape akalala katikati ya watoto wa bana Chola siku hiyo na siku zilizofuata. Homa ikaacha kuja. Akaanza kunenepa, akaanza kuimba nyimbo za kanisani huku anakosea maneno yote.

Watafiti waliporudi kutuchoma vidole, kijana mkalimani alimuuliza mama, "Mutoto analala wapi?" Mama alijibu kwa fahari, akidhani atasifiwa. "Eko analala kwa bana Chola, mu ile neti yenu. Batoto bote banalala pamoja. Homa imeisha. Aksanti mingi, munganga!" Mkalimani akamtafsiria daktari, na sauti ile ya upole ikakatika ghafla. Aliongea kwa haraka, mkono kiunoni. Mkalimani akatazama chini. "Mama, anasema munaharibisha kazi. Bale ba buluu habapashwe kulala mu neti." Mama akauliza, "Sasa tufanye namna gani? Mutoto alale na mbu, na neti iko palepale?" Hilo hakulitafsiri. Kesho yake wakazifuta nyumba zote mbili katika utafiti, wakaingia kwa bana Chola na kuifungua neti darini. Walisema itapelekwa kijiji kingine, kwa watu wanaofuata maelekezo. Bana Chola aliwatukana mpaka gari likapotelea vumbini.

Baadaye sana nilijifunza jina la kitaalamu la kosa letu: uchafuzi. Uchafuzi! Mama mmoja kumfunika mtoto wa mwenzake, wao wameliita uchafu.

Mvua zilipoanza, homa ilimrudia Mwape kwa nguvu, ikaja na degedege. Mama alimkimbiza hospitalini, na wauguzi walifanya walichoweza, sitawalaumu. Alipona. Lakini tuliporudi nyumbani nilimwita naye akaendelea kuchezea mchanga, nikamwita tena, nikapiga sufuria nyuma ya kichwa chake. Hakugeuka. Zile nyimbo alizokuwa akizikosea hakuziimba tena.

Leo nafundisha mbinu za utafiti chuoni, na ni mimi ninayeandika maneno yale ubaoni. Najua ulinganisho ni wa lazima, bila huo tungebaki kubahatisha, na watoto wengi zaidi wangekufa kwa kubahatisha kwetu. Najua pia kwamba mtoto mmoja si sampuli, na kwamba siwezi kuthibitisha kuwa neti ile ingemwokoa masikio. Hayo nayasema kama mwalimu. Kama dada yake nasema walimnyang'anya, na sitaki mtu anitulize. Wangeweza kuiacha neti ikining'inia. Sisi tulishafutwa, data yetu haikuwa na kazi kwao tena, kilichobaki pale ni watoto wamelala tu. Siku hizi neti hugawiwa nyumba kwa nyumba pale Kashikishi, kwa sababu utafiti kama ule ulionyesha kuwa zinafaa. Wanafunzi wangu huniambia basi mwisho ulikuwa mwema. Huwa nawauliza, mwema kwa nani? Katika hitimisho lolote walilolifikia wale watu, Mwape hayumo. Hayumo kati ya waliopewa, hayumo kati ya walionyimwa.

Yumo Nchelenge. Anatengeneza injini za boti ufukweni, anaweka kiganja juu ya chuma na kujua kwa mtetemo kilichoharibika. Mwanafunzi anayetaka kuelewa kundi la ulinganisho ni nini namwambia apande basi aende akamtafute. Akimwona ameinamia injini yake, asimame nyuma yake amwite, Mwape, kwa sauti yote aliyonayo, halafu asubiri ageuke.