Mama Mwembamba na Breki za Foklifti

Juzi nilimwona kijana mwembamba kama mche wa chai akisimamisha foklifti ya umeme kwa ncha ya kiatu, nikacheka peke yangu.

Nikiwa mtoto, Mama alipopewa kuendesha foklifti ya kiwanda cha chai kule Kimulot, nililia. Dereva aliyemtangulia alikuwa mnene kama ng'ombe watatu, nami niliamini uzito wake ndio uliozuia magurudumu. Mama upepo ungempeperusha mpaka Soin! Basi mchana mmoja nikampelekea kibuyu kizima cha mursik, maziwa yetu ya mgando, anenepe haraka.

Stoo ilinukia chai kavu. Mama akatokea na mzigo wa mifuko, mashine ikivuma kama nyuki mmoja tu, akielekea ukutani. Nikafumba macho.

"Mama, ruka!"

Nilipofumbua, alikuwa amesimama hatua moja kutoka ukutani, anacheka.

"Wee Chebet, niruke niende wapi? Mguu wangu unasukuma mafuta ya breki kidogo tu kwenye bomba. Mafuta ndiyo yanabana gurudumu, tena kwa nguvu kuliko zangu."

Jinsi bomba dogo linavyozidisha nguvu nilikuja kufundishwa ukubwani, katika masomo ya jioni. Siku ile nilielewa tu kwamba Mama hatakufa, nikashusha pumzi ambayo ingekausha chai ya Kericho nzima.