Koti Nililolikata Viraka

Mimi sikulelewa kuogopa maiti. Nimezaliwa Iringa, kwenye nyumba ya Walutheri, nikasoma kwa wamisheni mpaka darasa la kumi, na siku waliponitoa shule nije kuolewa Mbeya nilikuwa naweza kuchora moyo wa binadamu na mishipa yake yote ubaoni. Nasema haya mapema ili mtu asije akasoma na kujisemea kwamba huyu ni mshamba aliyetishwa na maneno. Niliogopa nikiwa na akili zangu timamu. Na mtu yule niliyemwogopa akinipigia hodi leo nitaogopa tena.

Kazi yangu ni kushona mablanketi ya viraka. Nilianza kwa sababu ya mwanangu. Baridi ya Mbeya mwezi wa Julai haina adabu, inaingia mpaka chini ya kitanda, na mume wangu ni dereva wa lori la mizigo, nyumbani anaonekana kama mvua ya kiangazi. Basi nikapita kwenye baraza za mafundi cherehani mjini, nikaokota mabaki waliyokuwa wanafagia, nikayakata miraba kwa kipimo cha jalada la daftari langu la jiografia. Nikayaunganisha kwa mkono, katikati nikaweka blanketi kuukuu, chini nikashonea marikani. Mke wa mwalimu akaliona kwenye kamba, akataka lake. Baada yake muuguzi. Baada yake Mzungu mmoja wa mashamba ya chai kule Mufindi, aliyemtuma mume wangu aniambie nisiweke kipande cheusi hata kimoja, utadhani weusi unaambukiza. Halafu watu wakaanza kuniletea nguo zao wenyewe nizikate: gauni la ubatizo, shati la shule la mtoto aliyekua.

Sheria yangu ilikuwa moja. Nguo ya marehemu siigusi mpaka ndugu wawe wamekwisha kugawana. Huku kwetu msiba hauishi makaburini, unaishia siku ile nguo za marehemu zinapotolewa sandukuni na kila mtu kupewa yake, na nimeona watu wazima wakirushiana ngumi kwa ajili ya suruali ya kaki.

Sheria hiyo niliivunja kwa sababu ya salamu.

Alikuja mama mmoja wa makamo kutoka Rujewa, ameshuka kwenye lori la mchele, ana furushi kichwani. Akasimama mlangoni akasema, "Kamwene." Basi. Neno la kwetu. Hapa mjini majirani wananisalimu kwa lugha zao, halafu wanacheka ninavyojibu. Nilimkaribisha kama shangazi yangu, nikamchemshia chai, nikampa mtoto ampakate. Alipofungua furushi nikaona koti jeusi la sufu, zito, la mwanamume mrefu, na ndani lina bitana nyekundu iliyokolea. Alitaka blanketi kubwa la kulalia mtu mmoja, na koti lote liingie humo, nikichanganya na vitambaa vyangu. Nikamuuliza vipande viwe vya ukubwa gani.

"Vidogo," akasema. "Vidogo mpaka lisijulikane."

Nilicheka. Nilidhani ni mtu mwenye macho ya kazi, maana vipande vidogo vikipangwa vizuri hupendeza kuliko vikubwa. Sikuuliza koti ni la nani. Alimaliza chai yake akaenda.

Nililikata jioni ile ile. Sufu ilikuwa nzito, mkasi ulikuwa unaitafuna badala ya kukata. Bitana niliibandua nikaiweka kando, kwa sababu inateleza na kuchambuka nyuzi, haifai kwa viraka. Tundu moja la kifungo lilikuwa limewahi kuraruka, mtu akalishona upya kwa uzi mwekundu, mishono mifupi ya mkono wenye nguvu. Nililipenda. Sikulitupa. Nilikata mraba tundu likawa katikati.

Hazikupita siku nyingi nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Mwanamume mrefu, shati limembana mabegani, kofia ameishika mkononi. Akapiga hodi kwa upole. Nikitaka kusema ukweli, ni ule upole ulionitia hofu ya kwanza. Watu wakali nawajua. Baba yangu alikuwa mkali.

Akaketi, akauliza hali ya mtoto, akauliza hali ya baba mtoto, ndipo akaeleza. Kaka yake amefariki kule Rujewa. Siku ya kugawa nguo bado. Mjane amelitoa koti nyumbani, na watu wa lori wameona alishukia kwangu na furushi.

"Kwetu, mama, anayevalishwa koti la marehemu ndiye anayechukua nyumba yake," akasema. "Na mashamba. Na watoto." Akaigeuza kofia mkononi. "Na mama wa nyumba pia."

Hapo ndipo nikaelewa neno lile, vidogo mpaka lisijulikane. Kapu la vipande lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye viatu vyake.

Nikamwambia hapa kwangu hakuna koti, kuna viraka tu. Sikusema uongo.

"Sina haraka," akasema. "Ila nikuambie kama mwanangu, maana wewe ni mgeni huku. Mtu akitia mkasi nguo ya marehemu kabla haijagawanywa, marehemu anamdai yeye. Na hadai vikubwa. Anaanza na kilicho kidogo ndani ya nyumba."

Akamtazama mwanangu. Hakumkazia macho. Alimtazama tu, kama mtu anavyotazama saa.

Alikuwa amefikia kwa ndugu yake Mbalizi. Kila asubuhi umande haujakauka alikuwa amefika, anaketi kwenye kizingiti changu, kofia juu ya goti. Majirani wakaanza utani wao, kwamba mke wa dereva siku hizi ameajiri mlinzi. Sikuwajibu. Nilijua nikilificha kapu atalitafuta, na nikiacha kushona atajiuliza kwa nini nimeacha. Kwa hiyo nilishona mbele yake. Nilimshona kaka yake mbele ya macho yake, kipande cheusi hapa, cha kanga pale, cheusi tena, na kila nilipovuta uzi nilihisi jasho linashuka mgongoni pamoja na baridi yote ile.

"Una mkono mzuri, mama," akaniambia siku moja. Nikasema ahsante. Ningesema nini?

Mwanangu akaanza kukohoa. Watoto wote wa Mbeya hukohoa Julai, najua, hata hospitali waliniambia hivyo. Lakini nilikuwa nalala mkono wangu uko kifuani pake nisikie kama kinapanda na kushuka, na mchana nikisikia kikohozi sikujua kimetoka kwa mtoto au kwa yule wa kizingitini.

Mume wangu akapita. Alisimamisha lori nje, injini inanguruma, akala ugali amesimama. Nilimweleza yote. Akasema mambo ya ukoo wa watu hayatuhusu, mpe mzee wa watu kilicho chake yaishe, akafuta mdomo, akaondoa lori kwenda Iringa. Kwetu. Alikwenda kwetu akaniacha mimi na kizingiti. Mambo ya ndoa yangu sitayaandika hapa, ila siku ile kama mdomo wangu ungekuwa mkasi, angefika Iringa bila masikio.

Kwa nini sikulitoa? Nimeulizwa hata na mama yangu. Sikulitoa kwa sababu na mimi nilitolewa. Nilikuwa darasani, nimeshika chaki, nikaitwa nje, na watu walikuwa wamekwisha kukubaliana nani anivae.

Ikafika siku mtoto akatambaa mpaka kwenye kapu. Nilikuwa namimina maji chunguni, nimegeuka mara moja tu. Nilipotazama tena alikuwa kizingitini, mapajani pa yule mtu, ana kipande cheusi mkononi, amepenyeza kidole kwenye tundu la kifungo na anakicheka kidole chake.

Yule mtu hakucheka. Alikichukua kile kipande, akakiinua juani, akakigeuza.

"Huu uzi ni wa mama yetu," akasema.

Alitazama kapu. Alitazama blanketi lililokuwa limelala kitini, limeshafika zaidi ya nusu, na nikaona macho yake yanahesabu weusi wote uliomo.

"Unganisha."

"Koti likishakatwa halirudi kuwa koti, baba."

"Unganisha, mama." Mkono wake ulikuwa kisogoni pa mtoto. Mkono mkubwa, unafunika kichwa chote. Labda alikuwa anamzuia asianguke. Mpaka leo sijui, na kwa kuwa sijui, sijamsamehe.

Nilikunja blanketi lile, nikamwaga juu yake vipande vilivyobaki kapuni, nikamsogezea. "Chukua vyote. Nipe mtoto."

"Nipe kwanza."

Nilimpa. Sioni aibu. Anayetaka kunihukumu na aweke kwanza mwanawe kwenye paja lile. Nilipompokea mtoto nilimbana mpaka akalia, na yule mtu akafunga vitu vyake kwenye gunia, akavaa kofia, akaniaga kwa upole ule ule.

Hofu haikwenda naye. Ilibaki nyumbani. Nilisali Baba Yetu kila kikohozi, na ule mkasi, mimi mwenye darasa la kumi, niliufukia kwenye majivu nyuma ya jiko kwa sababu nilikumbuka bibi yangu akifanya hivyo na kisu. Nilikuwa nakasirika huku nikifukia. Niliufukia hata hivyo. Kikohozi kikaisha mwezi wa Septemba, jua lilipoanza kuwaka.

Mama wa Rujewa alirudi mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa na kuuzwa. Niliposikia "Kamwene" nilitaka kumfungia mlango. Nilimwambia pale pale, amesimama, kwamba blanketi lake sina, nililitoa, na kwamba alinificha jambo ambalo lingenimalizia mtoto.

"Najua," akasema. "Nililiona."

Akaketi, akanisimulia. Siku ya kugawa, shemeji yake alilitandaza lile blanketi mbele ya wazee na kudai hilo ndilo koti. Wazee wakaligeuza huku na huku wakitafuta mikono ya koti. Wifi yake mkubwa, mwanamke ambaye hajawahi kumpenda hata siku moja, akasema, "Haya, jifunike basi." Watu wakacheka msibani. Mtu aliyechekwa hivyo hakuna wa kumvalisha kitu. Mama mwenyewe sasa yuko njiani kwenda Igowole kwa dada yake, na watoto wametangulia.

Nikamuuliza kwa nini hakulichoma tu moto, anitoe mimi kwenye balaa.

"Sikutaka liungue," akasema. "Nilitaka kujifunika mume wangu. Sikutaka kumwona mtu mwingine anatembea ndani yake."

Hasira yangu haikuisha, ila ilikosa pa kukaa. Nikaingia ndani nikapekua chini ya kitanda, nikamletea ile bitana nyekundu. Yule mtu hakuiulizia. Wanaume huona koti kwa nje. Aliishika, akaipeleka puani, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akaikunja ikawa ndogo, akaisokomeza kifuani chini ya kanga, akaondoka kuwahi lori.

Bado nashona. Sasa namuuliza kila mteja nguo ni ya nani na kama mwenyewe yuko hai, na wengine wanakasirika wanakwenda kwingine; waende. Mkasi nilinunua mwingine. Mwanangu anatembea, anakimbia, anafungua mlango mwenyewe, na hilo ndilo linaloniua. Mwanamume akikohoa nje, kazi yote inanidondoka mapajani, namkimbilia mtoto kwanza, halafu mkasi, ndipo namwambia karibu.